Pono Anaitika, Haonekani

Timbwani, Likoni
Septemba 1999

Kwa Kaka yangu mpenzi Mwidani,

Assalaam aleikum warahmatullah. Naomba barua hii ikukute umekaa kivulini, ikiwa huko Lokichogio kuna kivuli, na uwe umekwisha kunywa maji, maana Bibi ananihimiza nikuulize habari ya maji kabla ya habari nyingine yoyote. Je, afya yako? Je, lile vumbi uliloliandika bado linaingia mpaka ndani ya chandarua? Kile kifurushi cha achari na kashata tulichompa rubani wenu kimefika, au rubani naye ni binadamu? Sisi hatujambo. Bibi Mwanasaumu mguu wake umepoa tangu aanze kuukanda kwa mafuta ya nazi na karafuu, ingawa yeye husema umepoa kwa sababu ameacha kuufikiria. Baba na Mama wako shambani Waa, mihogo imekubali mwaka huu. Wifi Mbeyu ni mzima na anakusalimu kwa salamu nyingi. Habari zake nitazifikia. Mimi niko kidato cha tatu, likizo imekwisha, na mwalimu wa maktaba amenipa ruhusa ya kuazima vitabu viwili kwa pamoja, jambo ambalo hakumfanyia mtu mwingine.

Kaka, naijua tabia yako ya kuanza kitabu kwa ukurasa wa mwisho. Safari hii nakuomba usifanye hivyo. Limetokea jambo lililogusa jina lako, limekwisha salama, lakini haliwezi kueleweka ila kwa mpangilio wake. Na mwisho wa barua kuna jambo jingine ambalo ukilisoma kwanza utaiweka barua chini usiirudie, na mimi nimejitahidi sana kuiandika.

Lilianza Jumamosi moja mwezi wa nane. Tulikuwa uani tunachambua kunde, tukasikia hodi. Alikuwa Bwana Musyoka, yule aliyeshika mahali pako pale ofisini Changamwe. Mimi sikuwa nimemwona kabla. Alivaa tai, Jumamosi, kwa jua lile. Akamwamkia Bibi kwa adabu, akakaribishwa, akaletewa chai, akainywa yote, kisha akazungusha kikombe mkononi na kumwuliza Bibi, samahani, eti Pono iko hapa?

Bibi akamjibu kwamba leo hatukununua samaki, tumepika kunde, lakini akitaka pono aende ufukweni Shelly asubuhi, awaulize wavuvi. Tena akamsahihisha kwa upole kwamba pono ana roho, kwa hiyo haambiwi "iko", huambiwa "yuko". Bwana Musyoka akasema ndiyo, Bibi, ahsante, basi yuko hapa? Bibi akamwambia mwanangu, nimekwambia tumepika kunde. Wifi Mbeyu akaingia jikoni akacheka ndani ya upande wa leso mpaka akapaliwa.

Mimi ndiye niliyeelewa, kwa kuwa nilikumbuka majina uliyozipa kompyuta za ofisini: Changu, Tafi, Nguru, Kolekole, Tewa na Pono. Nilitaka kusema, lakini unanijua. Mbele ya mgeni siwezi, niliendelea kuchambua kunde. Na Bibi aliponiona nimeinamisha uso, akadhani amefahamu kila kitu. Akamwambia Bwana Musyoka kwamba yeye si mtu wa kuwazungusha watu, kama amekuja na neno la posa aseme, lakini huyu mtoto bado anasoma na hatakwenda popote mpaka amalize. Masikini ya Mungu, yule bwana alisimama, akakaa, akasema hapana Bibi, mimi nina mke Machakos. Bibi akasema hata hivyo amejibu vizuri.

Ikabidi aseme wazi. Akasema ametumwa na meneja, Bi Philister, na hakupenda kuja. Ule usajili wa kompyuta uliouanzisha ulikuwa unakaribia kumaliza mwaka wake, na watu wa Nairobi wanaouza usajili huo walileta majina ya kompyuta zote zilizosajiliwa tangu mwanzo hadi sasa ili ofisi ithibitishe kwamba zote zipo ndipo mwaka mpya uanze. Majina yalikuwa sita. Wakahesabu kompyuta zenyewe chumba kwa chumba, zikawa tano. Pono hayupo. Wakatafuta chini ya meza, stoo, nyuma ya makabati, hata kwenye kontena la karatasi kuukuu uani. Hayupo. Na aliyeondoka kazini ghafla ni wewe.

Kaka, sijui nikuelezeje uso wa Bibi. Hakukasirika. Aliiweka sahani ya kunde chini, akamwuliza Bwana Musyoka polepole kama anasema mjukuu wake ni mwizi. Bwana Musyoka akasema wallahi, na yeye ni Mkristo, akasema wallahi hasemi hivyo, yeye ameagizwa kuuliza tu. Lakini Bi Philister amekwisha kumwandikia barua mkuu wa shirika lako huko Lokichogio, na ameiweka mezani kwake bila kuituma. Ijumaa inayofuata mjumbe wa Nairobi atakuja kukagua. Pono asipopatikana mpaka siku hiyo, barua itatumwa.

Hapo ndipo nikajua kilichokuwa kinakungoja. Shirika la watu wa misaada, wanakupa funguo za stoo na redio, kisha wanapokea barua kwamba ulikotoka ulichukua kompyuta. Nani angekuuliza mara mbili? Na simu huko hakuna, ila ile ya redio ambayo husikika na kambi nzima. Ningekuandikia, barua ingefika umekwisha kufukuzwa.

Bibi akaamua. Akamwambia Bwana Musyoka kwamba Jumatatu asubuhi mimi nitakwenda ofisini kusaidia kumtafuta huyo samaki, kwa sababu uliwahi kunifundisha mambo hayo, na mtu wa nyumba hutafuta kwa macho mengine. Nikamwambia Bibi baadaye kwamba siwezi kusimama mbele ya watu wasionijua. Akanijibu kwamba ulimi wa watu wote hauna mfupa, wangu tu ndio uliotiwa, lakini macho yangu hayajatiwa chochote, niende nikatazame.

Basi nikavuka feri na kwenda. Ile ofisi ni kama ulivyokuwa ukiisimulia, upande wa kuelekea uwanja wa ndege, na kila ndege ikipita makarani hunyamaza na kalamu hewani, kisha huendelea na sentensi palepale walipoiachia. Bi Philister ni mrefu na ana sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Aliniuliza mimi ni nani, nikafungua mdomo, ndege ikapita. Ilipokwisha kupita akawa ameshaelezwa na Bwana Musyoka. Akanitazama, akasema haya, dada ya mtu, karibu, lakini usiguse waya wowote. Sikumchukia. Juu ya meza yake niliiona ile bahasha yenye jina la shirika lako, imeegemezwa kwenye kopo la kalamu, haijatiwa stempu, na nilimwona akiitazama kama mtu anayetazama dawa chungu. Nadhani alikuwa anakupenda, na ndiyo maana alikasirika.

Bwana Musyoka ni mtu mwema, Kaka. Usimdharau kwa mambo nitakayoyasema. Alinionyesha kila kitu kwa uvumilivu. Karani mmoja aliuliza mbele yangu, kwa sauti, ni upuuzi gani huu wa kusajili programu ya Linux ambayo kila mtu anasema ni ya bure. Nilifurahi kwamba jibu nilikuwa nalo, lile ulilonipa wewe siku ile ya mvua: programu ni kama maji ya kisima cha msikiti, hayauzwi na hayakatazwi, kila mtu na achote. Lakini lazima kuwe na mtu wa kubadilisha kamba ikilika, wa kuutoa mdudu akiingia, wa kuitwa ndoo ikianguka. Mtu huyo ndiye anayelipwa, mwaka kwa mwaka, kwa kila nyumba inayochota. Ndiyo maana kila kompyuta inaandikwa jina. Isiyoandikwa haipati marekebisho yanapokuja kwenye sidii, na ikiharibika hakuna wa kumpigia simu. Nilimwambia hayo Bwana Musyoka kwa sauti ndogo, naye akamwambia karani kwa sauti kubwa, na karani akasema alaa, kumbe.

Sasa sikiliza maajabu. Pono hakuonekana, lakini Pono alikuwa anaitika. Bwana Musyoka alikaa mezani kwake, akaandika kwenye kibodi jina la Pono, akauliza upo, na Pono akajibu nipo, mara moja, bila kusita. Akamwuliza Changu, yupo. Nguru, yupo. Akamwuliza Pono tena, yupo. Kompyuta inayoitika kila ukiiita, na ukiinuka kuifuata huikuti. Makarani wawili walikwisha kuanza kusema kuna jini. Mmoja, mama wa makamo kutoka Kisauni, alileta ubani akauficha kwenye droo.

Bwana Musyoka hakuamini jini. Yeye aliamini simu. Alisema Pono yuko mahali fulani mjini, amefungwa kwenye laini ya simu, na anaingia ofisini kwa njia hiyo. Ndiyo sababu alipokuja kwetu Jumamosi alikuwa akitazama juu ya paa. Alikuwa anatafuta waya wa simu. Nikamwambia nyumba yetu haina simu, hata umeme tuliupata juzi. Akasema najua, niliona, nikaona haya.

Jumatatu hiyo na siku iliyofuata tulifuata nyaya. Yeye alishika upande mmoja, mimi upande mwingine, tukipiga magoti kama watu wanaotafuta pete. Kila waya uliishia kwenye kompyuta yenye mwili na jina. Hakukuwa na waya wa ziada. Na Bwana Musyoka akawa mnyonge, kwa kuwa kadiri tulivyokosa ndivyo ilivyoonekana kwamba Pono yuko nje, na akiwa nje kuna aliyemtoa.

Jambo moja tu alilonung'unikia ambalo sikulitilia maanani. Alisema Tewa, ile kompyuta kubwa ya chumba cha kiyoyozi, inakula mno. Wewe uliiongezea kumbukumbu kabla ya kuondoka, tena nyingi, na bado inaonekana haishibi. Feni yake huunguruma hata wakati makarani wote wako chai na hakuna anayeitumia. Alifikiri inazeeka.

Jumatano sikwenda. Ilikuwa zamu ya kuhesabiwa nyumbani kwetu, ile sensa ya serikali, na Bibi alitaka sote tuwepo. Alasiri ile Bibi alisema neno moja kwa karani wa sensa, neno la kawaida kabisa ambalo wanawake wa huku husema kila siku, na mimi nikiwa nimeshika jagi la maji nikasimama kama niliyepigwa kofi. Neno gani, nitakuandikia mwishoni, na hilo ndilo nililokuomba usilirukie. Kwa sasa ujue tu kwamba nilimwona Tewa mbele ya macho yangu, nikauona ukubwa wake, nikaisikia ile feni, na nikajua Pono yuko wapi.

Alhamisi nilifika ofisini kabla ya Bi Philister. Nikamwambia Bwana Musyoka, naomba tuchomoe waya mmoja. Akaniuliza kwa nini, na mimi kueleza nikashindwa, nikasema tu tafadhali. Akamwita Pono, akaitika. Nikaenda chumba cha kiyoyozi, nikauchomoa kwa nyuma waya unaomwunganisha Tewa na wenzake, kwa mkono wangu, mimi niliyekatazwa kugusa. Nikamsikia Bwana Musyoka kule anasema eh. Nikauchomeka tena. Akasema eh kwa namna nyingine. Nikauchomoa, Pono akanyamaza, nikaurudisha, akaitika. Kaka, Bwana Musyoka alikuja mbio akanikuta nimechuchumaa na waya mkononi, akaniuliza nimefanya nini, nikamwambia, na ilikuwa sentensi yangu ya kwanza ndefu mahali pale, kwamba Pono hakuibwa, Pono yumo tumboni mwa Tewa.

Alikaa sakafuni. Akashika kichwa. Halafu akaanza kucheka, na kicheko chenyewe kilikuwa kama cha mtu anayetaka kulia. Akasema, aliniambia. Siku anaondoka, ndege ya shirika inamngoja, anakabidhi funguo, aliniambia kabisa, "Tewa amemmeza Pono, usimsumbue." Na mimi nikacheka, kwa kuwa nilijua watu wa pwani ni watu wa mizaha ya samaki. Kwetu Machakos, akasema, mimi nitajuaje tabia ya tewa?

Mimi nikamweleza kwamba mtoto yeyote wa Timbwani anajua. Tewa mdomo wake ni pango, humeza samaki mwenzake mzima mzima, na wavuvi wakimpasua humkuta ndani hata magamba hayajatoka. Na pono ndiye yule wa usingizi. Wewe ulisema jambo wazi kabisa kwa lugha ya hapa, naye akalisikia kama utani. Sioni wa kulaumiwa, ingawa Bibi anakulaumu wewe. Anasema mtu wa bara huambiwa neno mara mbili, mara ya pili bila samaki.

Tewa hakuwa na skrini, Bwana Musyoka alizoea kumwendesha kutoka mezani kwake. Tukabeba skrini ya meza nyingine tukamfungia. Picha ilipokuja, tukaona ndani ya kioo kile dirisha, na ndani ya dirisha kompyuta nyingine nzima, imewaka, ina jina lake juu, pono, inangoja mtu aandike neno la siri. Ina kumbukumbu yake na diski yake, na Pono mwenyewe hajui kwamba hana mwili. Bwana Musyoka alisema amesoma habari za programu ya namna hiyo kwenye gazeti la kompyuta, kwamba imetoka mwaka huu huu, ila hakudhani kwamba mtu angekuwa nayo Changamwe. Akafuta vumbi la kioo kwa ncha ya tai yake. Kisha Bwana Musyoka akasema kwa utaratibu, na nilitamani Bibi angemsikia, "Kumbe yuko."

Bi Philister aliitwa. Alisimama nyuma yetu, akasikiliza, akauliza maswali mawili ya maana. La kwanza, je, Pono anafanya kazi gani. Bwana Musyoka akafungua na kumwonyesha kwamba ulikuwa unajaribia humo marekebisho kabla ya kuyapeleka kwenye kompyuta za kazi, ili yakiharibu yamharibu Pono peke yake. La pili, ikiwa kompyuta hii haionekani na hakuna ambaye angejua, kwa nini Mwidani aliisajili. Akajijibu mwenyewe, akasema mwizi angeficha. Akatoka. Aliporudi alikuwa ameishika ile bahasha, akaichana mbele yetu mara mbili, akaitupa, akaniambia, "We mtoto, nilikwambia usiguse waya." Nikasema abee. Akasema ahsante kwa kutonisikia.

Ijumaa akaja mjumbe wa Nairobi, dada mmoja anaitwa Wairimu, kijana kuliko nilivyomtazamia, na kumbe naye alikuwa na wasiwasi kwa sababu ilikuwa kazi yake ya kwanza nje ya Nairobi. Alipoonyeshwa Pono alifurahi kwanza, halafu akakunja uso. Kanuni zao zinasema usajili mmoja kwa kila kompyuta, lakini aliyeziandika hakupata kuwaza kompyuta ndani ya kompyuta. Je, ahesabu chuma, ziwe tano? Au ahesabu wanaoitika, wawe sita? Bwana Musyoka alisema mgeni anayelala nyumbani mwako hapewi hati ya nyumba. Bi Philister alisema mgeni anayekula na kuugua gharama zake ni mbali. Wakabishana kwa raha mpaka chai ikapoa. Mwisho Wairimu akapiga simu Nairobi, akangoja sana, akarudi na jibu: kila kinachofanya kazi peke yake na kuhitaji marekebisho yake, kinasajiliwa, kiwe na mwili au kisiwe nao. Kwa hiyo ulichofanya wewe bila kuambiwa na mtu ndicho kilichokuwa sawa.

Sasa kila jina ofisini limeongezewa neno. Bwana Musyoka ameandika mbele ya watano "ana mwili", na mbele ya Pono "ndani ya Tewa", ili siku Tewa akiuzwa au akihamishwa wasimpeleke Pono mnadani bila kujua. Anasema akipata nafasi atawaweka wengine wawili humo, na kila atakayemweka atamsajili siku hiyo hiyo, asiache hadi mwaka uishe na nyumba ya mtu ijiwe Jumamosi. Bi Philister anakusalimu. Anasema ukipata likizo upite Changamwe umfundishe Bwana Musyoka mambo ya Tewa, na uyaseme kwa Kiswahili cha bara. Mimi amenikaribisha likizo ya Disemba. Nimesema nitakuja, kwa sauti, na ndege haikuwa inapita.

Sasa, Kaka, kaa chini.

Jumatano ile karani wa sensa alikuwa Mwalimu Boga, aliyekufundisha hesabu darasa la sita. Alifika alasiri na mkoba wake, akakaa barazani, akamwuliza Bibi nyumba hii wamelala watu wangapi usiku wa sensa. Bibi akamwambia Boga, wewe ni mtoto wa hapa na unajua kwamba watu hawahesabiwi. Hesabu ni ya mbuzi na nazi. Watu hutajwa. Mwalimu Boga akasema basi Bibi wataje, nitahesabu mimi na dhambi iwe yangu. Bibi akaanza na wewe. Mwalimu Boga akamwambia Mwidani hakulala hapa, amelala Turkana, ataandikwa huko. Bibi akasema kitanda chake kipo. Mwalimu akasema serikali haiulizi kitanda. Wakavutana kidogo, wewe ukafutwa. Bibi akajitaja mwenyewe, akanitaja mimi, akamtaja Mbeyu. Mwalimu Boga akafunga kalamu, akasema basi, watu watatu.

Bibi akamwambia asifunge. Akamwelekezea kidevu wifi Mbeyu aliyekuwa mlangoni anakula embe bichi kwa chumvi, na akasema, "Yule si mmoja."

Hilo ndilo neno, Kaka. Si mmoja. Mara ngapi nimelisikia na halijanishitua? Wifi Mbeyu akafunika uso kwa leso. Na mimi na jagi langu, nikafurahi mpaka maji yakamwagika, na hapo hapo katikati ya furaha yangu akili ikaniambia: na Tewa pia si mmoja. Ndiyo maana anakula kwa wawili. Naona haya kwamba niliwaza kompyuta wakati kama ule. Lakini ukitazama vizuri ni mwanao aliyekuokoa, kabla hata hajaonekana.

Wifi alikuwa anajua tangu mwezi wa saba. Bibi alimkataza kusema mpaka mimba ishike vizuri, kwa kuogopa macho ya watu, na barua hupita mikononi mwa wengi. Sasa Bibi ameridhika. Wifi alijaribu kukuandikia mwenyewe, akakaa na kalamu asubuhi nzima, akaandika jina lako na nukta mbili, akaniletea karatasi akasema haya inamzidi, nikuandikie mimi. Anatapika asubuhi tu. Hataki kusikia harufu ya vitunguu. Bibi, aliyesema mengi ulipomwoa, kama unavyokumbuka, sasa hamruhusu kuinua hata ndoo, na juzi nilimkuta anampaka mafuta miguuni, na mguu wake mwenyewe amesahau kuukanda. Wanakuomba uwaombe wakubwa wako likizo, uje kabla ya mwezi wa pili. Huko kambini usitangaze bado.

Mwalimu Boga, lakini, alikataa. Alisema kanuni yake ni wazi, asiyezaliwa haandikwi. Bibi alimwambia kwamba hesabu yake basi ina kasoro, na hajabadilika mpaka leo. Nilipomsimulia ya Ijumaa akafurahi sana, akasema umeona, karani wa kompyuta amemhesabu wa ndani na karani wa serikali amemwacha. Kisha akasema si neno. Sensa nyingine ikija, huyu atajitaja kwa mdomo wake.

Lakini kutajwa kunahitaji jina. Bibi amesema nimalizie hapa: jina litoke kwako, la mwanamume na la mwanamke, ulitume mapema na rubani, na anakuonya mbele ya Mungu lisiwe la samaki.

Anakusalimu Bibi, anakusalimu mkeo Mbeyu aliye hapa ubavuni mwangu akijifanya hasomi, na anakusalimu mmoja ambaye haonekani, ila wifi anasema tangu jana ukimwita anaitika.

Wako akupendaye, mdogo wako,

Mwanarehema